Jinsi ya kuongeza vituo kwenye safari ya Ulaya ukiwa na mjukuu

Mwongozo huu nauandika kwa bibi au babu anayeondoka Afrika Mashariki na mjukuu wake kwenda kumtembelea ndugu Ulaya, naye anatamani kuona mji mwingine kabla ya kurudi. Nimetoka kumsaidia mama yangu mdogo kupanga safari kama hiyo. Anafikia Amsterdam kwa binti yake, anamalizia Paris, na mjukuu ana miaka tisa, mtoto wa mwanawe wa kiume. Njia hiyo ndiyo mfano wangu, lakini utaratibu ni uleule hata ukienda Roma au Berlin.

Hatua ya 1: Panga njia isiyorudi nyuma

Usikate tiketi ya kwenda na kurudi Amsterdam halafu ukaanza kutafuta pa kutembea. Ingia kwa mji mmoja, toka kwa mwingine. KLM na Air France ni kundi moja, kwa hiyo tiketi moja inaweza kukushusha Amsterdam na kukupandisha Paris. Kwenye ukurasa wa kutafuta chagua safari ya miji mingi. Hapo vituo vinajitokeza vyenyewe, maana reli inapita Rotterdam, Antwerpen na Brussels kabla ya kufika Paris.

Hatua ya 2: Ongeza kituo kimoja cha kulala, si zaidi

Watu wengi hutaka miji minne. Mimi nakataa. Kila mji mpya ni kufunga mizigo, kutafuta hoteli na kumlaza mtoto kwenye kitanda kigeni, na mwenye kubeba sanduku ni bibi.

Chaguo langu ni Antwerpen, Ubelgiji. Stesheni yake kuu ya mwaka 1905 ina reli katika ngazi tatu, moja juu ya nyingine, na mtoto anaweza kukaa hapo akitazama treni mpaka wewe ndiye uombe kuondoka. Bustani ya wanyama, iliyofunguliwa 1843, imepakana na stesheni hiyohiyo. Unashuka, unaacha mizigo, unavuka kiwanja. Hakuna teksi wala kupotea.

Den Haag ifanye safari ya mchana ukiwa bado Amsterdam, mizigo ikiwa imebaki nyumbani kwa mwenyeji. Nendeni Madurodam, mahali palipojengwa Uholanzi ndogo kwa kipimo cha 1 kwa 25. Brugge inapendeza, lakini barabara zake za mawe zinatesa magoti. Köln ya Ujerumani nayo ina kanisa kuu lililo mlangoni mwa stesheni, ila inakuvuta mashariki na kukutoa njiani; ichukue badala ya Antwerpen, usiichukue pamoja nayo.

Hatua ya 3: Viza na karatasi za mtoto

Soma hatua hii yote kabla ya kulipia chochote, kwa sababu hapa ndipo kituo cha ziada kinapobadilisha mambo ambayo hukutegemea.

Viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ni moja kwa nchi zote 29, lakini maombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo mwisho mkuu wa safari, kwa kuangalia siku utakazokaa au lengo la safari. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingilia kwanza. Sasa tazama: mpango wa mwanzo wa mama mdogo ulikuwa siku saba Uholanzi na tatu Ufaransa. Alipoongeza Antwerpen na kurefusha Paris, zikawa tano Uholanzi, moja Ubelgiji na sita Ufaransa. Tulikaa jioni nzima mezani tukiulizana maombi ni ya nani. Kwa siku, ni Ufaransa. Kwa lengo, yaani kumtembelea binti, ni Uholanzi. Barua ya mwaliko inaweza kuitetea Uholanzi, lakini mimi sipendi kumwachia ofisa swali la kujibu. Tulipunguza siku za Paris mpaka siku na lengo vikaelekea upande mmoja. Kwa hiyo hesabu siku kwanza, weka miadi ya viza baadaye.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Aliye chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole.

Fomu ya mtoto husainiwa na mzazi au mlezi wa kisheria. Bibi, hata kama ndiye aliyemlea tangu anyonye, hawezi kusaini ikiwa hana karatasi ya mahakama inayompa ulezi. Pamoja na fomu, andaa:

- Barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili, iliyogongwa muhuri na wakili. Itaje jina la bibi, namba za pasipoti zote mbili, tarehe, na kila nchi mtakayopita. Ukiongeza kituo katika nchi nyingine, barua iandikwe upya.
- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto na nakala za vitambulisho vya wazazi.
- Cheti cha kuzaliwa cha mzazi aliye mwana wako. Ndicho kinachoonyesha kuwa wewe ni bibi yake, hasa majina yenu yakitofautiana.
- Mzazi mmoja akiwa amefariki, cheti cha kifo. Akiwa hajulikani alipo, pita mahakamani mapema.

Bima iwe ya kila mmoja, ifike angalau euro 30,000 na ifanye kazi Schengen yote kwa siku zote.

Na London? Iache. Inataka viza yake peke yake, na ukitoka Schengen hurudi bila viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Hatua ya 4: Treni

Ratiba natafuta kwenye tovuti ya reli ya Ujerumani, bahn.de, hata kwa treni zisizogusa Ujerumani, kwa kuwa inaonyesha nyingi mahali pamoja. Tiketi nanunua kwa kampuni yenyewe, na baada ya viza kutoka. Tiketi ya Eurostar, treni ya kasi ya kwenda Paris, inunue mapema kwani bei hupanda. Pasi ya reli, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi, haina faida kwa safari fupi hivi, maana Eurostar bado itakudai malipo ya kiti.

Hatua ya 5: Hoteli

Iwe karibu na stesheni, yenye lifti, na nafasi uliyoweka iweze kufutwa bila malipo.

Hatua ya 6: Mkiwa njiani

Jambo moja asubuhi, mapumziko mchana. Mnara wa Eiffel tiketi zake zikatwe mtandaoni kabla. Barua ya ridhaa ikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku: inaweza kuulizwa uwanja wa ndege mnapoondoka nyumbani, na tena mpakani Ulaya. Mtoto avae shingoni au awe na mfukoni kadi yenye namba ya simu ya bibi na jina la hoteli ya usiku huo, ibadilishwe kila mnapohama mji.