Kumchagua Mwanafunzi Bora wa Biolojia Chuoni: Kuanzia Alama Hadi Cheti

Njia rahisi ya kumpata mwanafunzi bora wa biolojia ni kupanga majina kwa wastani wa alama na kumchukua wa kwanza. Inaokoa muda, ila humwacha nje mwenye mkono mzuri wa maabara na jicho la msituni, na mara nyingi inashindwa hata kuwatenganisha wawili wa juu. Tatizo hilo la pili limo ndani ya hesabu yenyewe.

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kwa mfano, alama 80 na zaidi hupewa pointi 5.0, alama 75 hadi 79 hupewa 4.5; na 70 hadi 74 hupewa 4.0. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa uniti zake, yaani uzito wa kozi hiyo, zikajumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa uniti zote. Chukua wanafunzi wawili katika jenetiki (uniti 4), ikolojia (uniti 3) na biokemia (uniti 4). Wa kwanza ana 82, 78 na 71. Wa pili ana 96, 75 na 74. Wote wawili wanatoka na wastani wa 4.50. Ukizidisha alama halisi kwa uniti na kugawanya kwa uniti zote, wa kwanza ana 76.9 na wa pili 82.3. Kwa hiyo wakilingana kwa pointi, rudini kwenye alama halisi zilizopimwa kwa uniti, na kanuni hiyo iandikwe kabla jina lolote halijaonekana mezani.

Hata hivyo, wastani ufanywe mlango tu. Kiwango cha 4.00 kinatosha. Mkiweka 4.40, ambapo daraja la kwanza huanzia, mtawafungia nje wengi waliojikwaa katika hisabati au kemia ya mwaka wa kwanza kisha wakasimama imara katika biolojia. Walioupita mlango washindanie alama 100: kozi za biolojia peke yake 35, mtihani wa vitendo 25, mradi wa utafiti 30, na daftari la kazi za nje 10.

Mtihani wa vitendo ndio unaofichua mengi, kwa hiyo uandaeni kwa makini. Pangeni vituo kumi, kila kimoja dakika 5, kengele ikilia watu wanasogea. Wekeni tawi bichi la mmea wa kutambuliwa hadi familia kwa kutumia ufunguo wa utambuzi (orodha ya maswali ya hatua kwa hatua), mdudu wa kuainishwa hadi oda (kundi lililo juu ya familia) kwa lenzi ya mkono ya mara 10, slaidi ya mgawanyiko wa seli, jedwali la idadi ya samaki linalohitaji kufasiriwa, na mchoro wa kuchorwa kwa penseli wenye kipimo cha ukubwa. Mambo mawili huharibu mtihani huu. La kwanza ni slaidi kusogezwa: mtu akigusa hadubini, wanaofuata wanaangalia kitu kingine kabisa, kwa hiyo fundi sanifu wa maabara akague kila hadubini baada ya kila watahiniwa watatu. La pili ni matawi kunyauka kwa joto. Majani yakijikunja, mpangilio wake hausomeki tena. Kateni matawi ya akiba asubuhi hiyo hiyo, myaweke ndani ya maji, na mbadilishe katikati ya mtihani.

Kwenye mradi wa utafiti, ombeni daftari la data ghafi pamoja na ripoti. Ripoti inaweza kusafishwa na watu wengi, lakini daftari linaonyesha nani alikuwa kazini: tarehe, saa, majiranukta (namba za kuonyesha mahali kwenye ramani), hali ya hewa, na sifuri zilizoandikwa siku ambayo mtego haukunasa kitu. Mwanafunzi aliyeandika sifuri zake kwa uaminifu anastahili alama kuliko mwenye jedwali lililojaa bila kasoro. Kila mradi usomwe na majaji wawili ambao hawajaonyeshana alama. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama 10 kati ya 100, aitwe wa tatu. Msimamizi wa mradi asiwe jaji wa mwanafunzi wake. Darasa likiwa dogo, kuficha majina kwa namba hakusaidii sana kwa sababu mwandiko unajulikana, hivyo azimeni jaji mmoja kutoka idara nyingine, kama kilimo au misitu.

Kazi za nje zinadai haki ya ziada. Aliyeweza kujilipia wiki za ziada kwenye kituo cha utafiti cha Makerere huko Kanyawara, msitu wa Kibale, atakuwa na daftari nene kuliko aliyebaki Kampala akitafuta ada. Pimeni ziara ambayo darasa zima lilikwenda, basi.

Kabla ya kutangaza, ngojeni matokeo yapitishwe na Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni. Alama iliyokosekana kwenye mfumo huweza kumshusha mtu nafasi tatu, kwa hiyo wapeni wote waliopita mlango siku saba za kazi kukagua alama zao wenyewe. Alama za mtu zisibandikwe ukutani pamoja na jina lake bila ridhaa yake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha inahusu taarifa hizi pia.

Jina kwenye cheti lifuate usajili wa chuo, herufi kwa herufi na kwa mpangilio ule ule. Wengi hutumia jina la ukoo mbele mahali pamoja na nyuma mahali pengine, na cheti kisicholingana na nakala ya matokeo huleta usumbufu mtu anapoomba ufadhili. Mkitoa fedha kwa simu, hakikisheni laini imesajiliwa kwa jina la mshindi na mwongeze gharama ya kutolea. Mnunuapo zawadi, lenzi nzuri ya mkono au darubini ya kutazamia ndege humfaa kuliko kikombe cha kuweka kabatini.

Mpeni pia barua ya ukurasa mmoja, yenye saini ya mkuu wa idara, inayotaja alichofanya: spishi alizochunguza, mbinu aliyotumia, ukubwa wa sampuli na nafasi yake kati ya wangapi. Ichapeni nakala nne halisi, na moja ibaki kwenye faili la idara, maana ataihitaji tena akiomba shahada ya uzamili.