Kusimamia hisa za Japani kwa niaba ya mfuko wa pensheni, hatua kwa hatua

Soko la hisa la Tokyo hufunguliwa saa tatu asubuhi kwa saa za kwao. Wakati huo Nairobi na Dar es Salaam ni saa tisa usiku, na hapa London ninapofanyia kazi, majira ya joto, ni saa saba usiku. Vijana wanaoniandikia wakitaka kuingia kazi hii hudhani ugumu wake ni kuchagua hisa. Nusu ya ugumu ni usingizi. Nusu nyingine ni karatasi mnazotia saini na mteja kabla hujanunua hata hisa moja.

Mteja ninayemzungumzia si mtu mwenye akiba yake mfukoni. Ni mfuko wa pensheni, kampuni ya bima au wakfu wa chuo. Ana wadhamini wanaobadilika kila baada ya miaka michache, na pesa anazokukabidhi ni za watu wengine.

Hatua ya 1: Andikeni utapimwa kwa kitu gani

Sheria ya Japani hutenganisha kutoa ushauri tu na kusimamia pesa kwa mamlaka uliyopewa. Mkataba useme wazi uko upande gani: unapendekeza halafu mteja anaamua, au unanunua na kuuza mwenyewe ndani ya mipaka.

Kisha fahirisi, yaani kipimo cha mwendo wa soko ambacho kazi yako italinganishwa nacho. Kwenye habari utasikia Nikkei 225, lakini hiyo hupima kampuni kwa bei ya hisa moja moja. Ndiyo maana Fast Retailing, wenye maduka ya Uniqlo, wana uzito mkubwa humo kuliko Toyota, ingawa Toyota ni kampuni kubwa zaidi kwa mbali. TOPIX hupima kwa thamani ya hisa zinazouzika sokoni, na ina kampuni zipatazo 1,700. Kwa mfuko wa pensheni, chagueni TOPIX, na muandike kama gawio linahesabiwa ndani yake au la.

Mwaka wangu wa pili kazini, mdhamini mmoja alifungua kikao kwa kunisomea Nikkei ya asubuhi ile na kuniuliza mbona tumeachwa nyuma. Mkataba ulisema TOPIX, na kwa TOPIX tulikuwa mbele. Tulibishana saa nzima. Tangu siku hiyo jina la fahirisi huliandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa kila ripoti.

Mipaka mingine iandikwe kwa tarakimu: kampuni moja isizidi asilimia ngapi, kampuni ndogo zisizidi kiasi gani, pesa taslimu zikae kwa kiwango gani.

Hatua ya 2: Amueni kuhusu yen kabla ya kuzungumzia kampuni

Hapa ndipo pesa nyingi hupatikana au hupotea, na ndipo watu wengi hupita haraka. Tuchukue mwaka 2024. TOPIX ilipanda karibu asilimia 18 kwa yen, bila gawio. Lakini dola moja iliyokuwa kama yen 141 mwanzo wa mwaka ilifika kama yen 157 mwishoni. Mwekezaji wa dola alibaki na asilimia 5 au 6 hivi. Kampuni zilifanya kazi yake, sarafu ikala sehemu kubwa ya mavuno.

Dawa yake ni kinga: unakubaliana na benki leo bei ya kuuza yen siku ya mbele. Watu husikia kinga wakadhani ni gharama, kama bima ya gari. Kwa mwenye dola, miaka hii ilikuwa kinyume. Anayejikinga ni kama amekopa yen na kuweka dola benki: analipa riba ndogo, anapokea riba kubwa. Riba ya Benki Kuu ya Japani ilikuwa chini ya sifuri hadi Machi 2024, ikapandishwa hadi asilimia 0.25 Julai mwaka huo na asilimia 0.5 Januari 2025. Kadiri pengo kati ya riba ya dola na riba ya yen linavyopungua, ndivyo malipo hayo yanavyopungua.

Sasa jambo ambalo wadhamini hawaulizi. Yen ikishuka, wauzaji wa nje kama Toyota hupata faida zaidi na hisa zao huelekea kupanda. Yen ikipanda, mambo hugeuka. Asiye na kinga ana hisa na sarafu zinazovutana pande mbili, kwa hiyo akaunti yake hutulia kidogo. Mwenye kinga kamili amebaki na hisa peke yake. Mimi hupendekeza kinga ya nusu kwa mteja asiye na msimamo, si kwa sababu ni jibu sahihi, bali kwa sababu wadhamini huweza kuivumilia ikienda vibaya.

Hatua ya 3: Soma mizania (mali na madeni ya kampuni) kabla ya hesabu ya faida

Japani ina kampuni nyingi zilizokalia pesa. Mwezi Machi 2023 soko la Tokyo liliziomba kampuni za madaraja ya Prime na Standard zieleze zitafanya nini kuhusu gharama ya mtaji na bei ya hisa zao. Wakati huo karibu nusu ya kampuni za Prime ziliuzwa chini ya thamani yake ya vitabuni, yaani mali ukitoa madeni. Januari 2024 soko likaanza kuchapisha orodha ya walioitikia. Aibu ya kukosekana kwenye orodha ilisukuma wakurugenzi kuliko barua zetu za miaka mingi.

Chukua kampuni ya mfano. Bei yake yote sokoni ni yen bilioni 60. Mtaji wa wenye hisa vitabuni ni bilioni 80. Haina deni. Ina taslimu bilioni 30, na hisa za kampuni nyingine za bilioni 15. Faida yake kwa mwaka ni bilioni 4. Toa taslimu na hisa: biashara yenyewe unauziwa kwa bilioni 15, chini ya faida ya miaka minne.

Rahisi mno? Inaweza kuwa rahisi hivyo kwa miaka ishirini, na wewe umeshafukuzwa na mteja. Swali ni nani atazitoa zile bilioni 45. Fungua ripoti yake ya mwaka kwenye EDINET, tovuti ya serikali ya Japani. Kuna jedwali la hisa ambazo kampuni inazishikilia kwa ajili ya uhusiano. Kila moja imeandikwa sababu, na safu moja inasema kama yule mwenzake naye anashikilia hisa za kampuni hii. Ukiona “ndiyo” nyingi, hao ni marafiki wanaolindana kwenye kura. Linganisha na mwaka uliopita: orodha ikipungua mwaka hadi mwaka, kuna kitu kinasogea. Hapo ndipo ninapoanza kuvutiwa.

Angalia pia kama kampuni mama nayo iko sokoni. Hitachi ilikuwa na kampuni tanzu 22 zilizoorodheshwa mwaka 2009, na ikamaliza kuziondoa zote, ama kwa kuziuza ama kwa kuzinunua kabisa. Kampuni tanzu ikinunuliwa kabisa, wenye hisa wake wadogo hulipwa bei ya juu ya soko, ila pigania bei hiyo iwe ya haki.

Hatua ya 4: Nunua polepole

Hisa huuzwa kwa mafungu ya 100. Soko hupumzika saa nzima mchana, na tangu Novemba 5, 2024 hufungwa saa tisa na nusu alasiri badala ya saa tisa. Kila hisa ina kikomo cha kupanda na kushuka kwa siku. Ya yen 1,200, kwa mfano, haivuki yen 300 juu au chini.

Kwa kampuni ndogo, piga hesabu hii kabla ya kumpa dalali oda. Unataka hisa za yen bilioni 2, na kwa siku zinauzwa za milioni 100. Ukichukua moja ya tano ya soko kila siku, utahitaji siku 100 za biashara, karibu miezi mitano. Kutoka nako ni hivyo hivyo, tena wakati wa kutoka huwa hakuna mnunuzi.

Hatua ya 5: Hesabu hisa za wateja wote kwa pamoja

Ukivuka asilimia 5 ya kampuni, ukijumlisha hisa za wateja wote unaowasimamia, unatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku tano za kazi, ingawa kuna utaratibu mwepesi kwa taasisi. Katika sekta nyeti, mwekezaji wa nje huguswa na sheria tangu asilimia 1 kuanzia mwaka 2020. Kuna msamaha kwa asiyetaka kiti kwenye bodi. Mwachie mwanasheria, lakini hesabu fanya wewe.

Hatua ya 6: Zungumza, kisha piga kura

Kampuni nyingi hufunga mwaka Machi 31, na mikutano mikuu hurundikana mwishoni mwa Juni. Benki inayotunza hisa za mteja hutaka maelekezo ya kura siku kadhaa mapema, kwa hiyo barua yako yenye maswali iwafikie wakurugenzi kwa Kijapani kabla ya Mei kwisha. Uliza jambo moja tu. Nikiwauliza matano, hunijibu lile jepesi. Ukipiga kura ya hapana, waambie kabla, na useme sababu.

Hatua ya 7: Ripoti, na siku mbaya

Agosti 5, 2024 Nikkei ilianguka asilimia 12.4 kwa siku moja, yen ikapanda kwa kishindo. Kesho yake ikarudi juu kwa asilimia 10.2. Mteja mmoja alipiga simu Jumatatu ile akitaka kuuza kila kitu. Nilimfungulia ukurasa wa mkataba wenye mipaka: hakuna hata mmoja uliovukwa. Kinga yake ilikuwa ya nusu, hivyo yen ilimrudishia kiasi. Akasema atanipigia kesho, na hakupiga.

Ripoti ya robo mwaka iwe na namba tatu mwanzoni: mteja alipata nini kwa sarafu yake, fahirisi ilipata nini kwa sarafu hiyo hiyo, na yen ilichangia au kupunguza kiasi gani. Majina ya hisa zilizotuumiza huyaweka kabla ya zilizotufaidisha, na chini yake orodha ya kura zote, pamoja na zile tulizoshindwa.