Kununua bunduki ya .22 iliyotumika bila kuumia mfukoni
Kibali kwanza. Sheria ya silaha ya 2015 haina utani. Mimi nilianzia kwa mwenyekiti wa kijiji huku Kahe, nikamalizia polisi Moshi mjini. Namba ya kwenye chuma ilingane na ya kwenye karatasi za muuzaji.

Hakikisha haina risasi, toa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, weka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, uchungulie kwa mbele. Mistari ya ndani ing'ae. Ukiona vishimo vya kutu, mrudishie mwenyewe. Kitako kilichokwaruzika kisikutishe, hapo ndipo bei inaposhuka. Changu kina ufa, nimeuziba kwa gundi.

Halafu pitisha ukucha ukingoni mwa chemba, pale risasi inapokaa. Risasi ya .22 hupigwa na pini ukingoni, na mtu aliyezoea kufyatua tupu (bila risasi, pini ikagonga chuma) huacha kovu hapo, ganda likawa linakwama. Mimi nililigundua nikiwa nimeshalipa.