Usiuziwe mbuzi kwenye gunia: kuchagua kamera ya mkanda ya mtumba

Vijana hunijia na kamera kuukuu mkononi na swali moja: "Kaka, nimeipata hii, ni nzima?" Tatizo ni kwamba wanakuwa wameshalipa. Ninachobaki nacho ni kuwapa habari njema au mbaya. Kwa hiyo naandika hapa yale ninayoyafanya mimi mwenyewe mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka. Yote huchukua nusu saa hivi, na vifaa vyake vinaingia mfukoni: tochi (ya simu inatosha), betri mbili za LR44, kitambaa laini, na mkanda mmoja ulioungua (yaani ulioingia mwanga) ambao hauna kazi tena.

Nitangulize msimamo wangu. Jina la kamera halipigi picha. Praktica iliyotunzwa kabatini na mwenyewe akiivuta shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) mara kwa mara itakufaa miaka, wakati Nikon yenye kuvu kwenye lenzi itakutia hasara kila mkanda.

Kabla ya kamera, tafuta mkanda

Uliza kwanza: mkanda nitaununua wapi, na nitausafisha (kuutoa picha kwa dawa) wapi? Nawajua watu wenye kamera nzuri zinazokaa kabatini kwa sababu hawakujibu swali hili. Wengi wetu tunaagiza mikanda kwa ndugu wanaosafiri. Mwambie aibebe kwenye begi la mkononi, asiiweke kwenye sanduku linalopakiwa, na uwanja wa ndege aombe ikaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za ukaguzi zina mionzi inayoweza kuunguza mkanda ambao bado haujasafishwa.

Mkanda wa rangi husafishwa kwa dawa zinazotakiwa kukaa karibu na nyuzi 38, na nyuzi moja tu ikipotea rangi hubadilika, hivyo upeleke kwa mwenye uzoefu. Mweusi na mweupe unaweza kuusafisha mwenyewe nyumbani. Ila vipimo vingi vimeandikwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba huku pwani hayajawahi kuwa nyuzi 20. Mimi huweka chupa za dawa kwenye beseni lenye barafu.

Ukishajua gharama ya mkanda mmoja pamoja na kuusafisha, zidisha kwa tano. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ninayomruhusu anayeanza atoe kwa kamera. Ikizidi hapo, kamera itakula pesa za picha.

Hatua ya 1: Chagua aina

Tafuta kamera ya milimita 35, ya kubadili lenzi, ambayo shata yake inafanya kazi bila betri. Hiyo tu. Betri iwe ya kipima mwanga peke yake. Kamera ya namna hii fundi anaweza kuifungua na kuona kilichoharibika kwa macho, wakati ile inayotegemea umeme, bodi yake ikifa, mara nyingi imekufa moja kwa moja.

Pentax K1000 ndiyo inayotajwa na kila mtu. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ni ngumu, ni rahisi, na umaarufu wake umeipandisha bei. Kipima mwanga chake hakina swichi, kwa hiyo usipofunika lenzi kwa kifuniko betri inaisha ikiwa kabatini. Nzuri sana, lakini usiililie. Yashica FX-3 ni nyepesi na nayo haihitaji betri kwa shata. Ngozi yake ya nje hubanduka vipandevipande na kuwatisha wanunuzi, jambo linaloshusha bei bila kuathiri picha hata kidogo. Praktica za MTL, kazi ya Wajerumani wa Mashariki kule Dresden, zina sauti nzito na shata ya chuma inayovumilia.

Halafu kuna Zenit-E ya Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow. Nina mapenzi nayo, nakiri. Ni nzito kama tofali, tundu lake la kuchungulia ni la giza na halikuonyeshi picha nzima itakayotoka, na kasi zake (muda shata inaokaa wazi) ni kuanzia 1/30 hadi 1/500 ya sekunde basi. Lakini mara nyingi inakuja na Helios-44-2, lenzi ya milimita 58 ambayo tundu lake la kuingiza mwanga hufunguka hadi f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na ukimpiga mtu picha mbele ya majani, nyuma yake yanazunguka kama maji yanayokorogwa. Watu hununua kamera nzima kwa ajili ya lenzi hiyo. Kwenye Zenit-E vuta kwanza mpini wa mkanda, ndipo ubadili kasi. Ukianza na kasi unaweza kuharibu mtambo.

Asiyetaka kubeba uzito aangalie Olympus Trip 35, iliyouzwa toka 1967 hadi 1984. Haina betri kabisa. Kuipima ni rahisi: iweke kwenye A (inapojipimia mwanga yenyewe), ziba lenzi kwa kiganja, bonyeza. Kibendera chekundu kisipotokea kwenye tundu la kuchungulia, au shata ikikubali kufyatuka, rudisha kamera mezani.

Canon AE-1 sikukatazi, ila ujue bila betri ya volti 6 haifyatui kabisa, na nyingi hulia kama bawaba kavu kila unapopiga. Mlio huo ni wa mafuta yaliyokauka ndani. Hutibika, lakini fundi atataka chake, hivyo shusha bei.

Epuka kamera za APS, zinazotumia mkanda wa aina yake, si ule wa milimita 35. Zilitoka 1996, ni ndogo na zinapendeza, na mikanda yake ilikoma kutengenezwa 2011. Chungulia pale mkanda unapoingia: kama tundu ni la kibuyu kidogo kinachosukumwa kutokea chini, si mgongo unaofunguka wote, kuna uwezekano ni hiyo.

Hatua ya 2: Msikilize muuzaji

Kwa wazee waliowahi kuwa na studio, salimia vizuri na kaa. Usianze na bei. Muulize: "Mzee, mara ya mwisho uliipigia lini?" Jibu la swali hili lina thamani kuliko "ni nzima hiyo." Kamera iliyolala miaka ishirini ilikuwa nzima ilipolala. Muulize pia ilikuwa inakaa wapi. Akikuonyesha kava la ngozi ndani ya sanduku la nguo, moja kwa moja nenda hatua ya 3 ukiwa na tochi mkononi, maana ngozi hunyonya unyevu na kuulaza juu ya lenzi.

Kisha omba ruhusa: "Naomba nifungue mgongo niitazame." Anayekataa, mshukuru uondoke.

Hatua ya 3: Lenzi, na adui wetu wa pwani

Hapa usiwe na haraka. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, kote huku hewa ina unyevu, na kuvu huota juu ya vioo kama inavyoota kwenye viatu vya ngozi.

Vua lenzi. Izungushe hadi namba ndogo kabisa (f/2 au 1.8). Lenzi nyingine hubaki zimefumba zikivuliwa, kwa hiyo kisukume kidole kidogo cha chuma kilicho nyuma ili tundu lifunguke. Washa tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili, na uiinamishe lenzi polepole. Mwanga wa mshazari ndio unaosema kweli. Ukitazama moja kwa moja hutaona kitu.

Vumbi chache ni kawaida, zipuuze. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele nao hauonekani kwenye picha. Utando mweupe ulioenea kama pumzi kwenye dirisha unapunguza ukali na kufanya weusi uwe kijivu. Kuvu ni kitu kingine: nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi au kama buibui ameanza kazi pembeni. Ikiwa changa fundi husafisha. Ikikaa sana hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hata kuvu ikifutwa alama yake inabaki.

Lenzi yangu ya kwanza niliinunua kwenye nyumba iliyotazama bahari. Kwa nje iling'aa. Nilipopata tochi jioni ile niliona msitu mzima ndani. Niliipenda kamera ile na ilinilazimu kuiweka kando, na uchungu wake ndio ulionifundisha kubeba tochi.

Ukinunua lenzi safi, ilinde. Kava la ngozi liache kwa maonyesho. Weka kamera kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vile vyenye punje za buluu hugeuka waridi vikishiba. Vianike kwenye joto virudie rangi. Na kila wiki mbili toa kamera, ivute, ifyatue, ipigwe na upepo mkavu.

Bado umeshika lenzi: zungusha pete ya tundu huku ukitazama vile vibao vyake. Visiwe na mafuta yanayong'aa. Kwenye lenzi za skrubu zenye pini nyuma, bonyeza pini uiachie. Vibao vifumbe na kufumbua kwa haraka, bila kujivuta. Helios-44-2 haina pini hiyo, unaifumba mwenyewe kwa pete, hivyo mafuta kidogo hayaizuii kazi.

Hatua ya 4: Shata

Fungua mgongo. Hakikisha kwanza hamna mkanda ndani! Shata usiiguse kwa kidole, ya kitambaa wala ya chuma.

Kama ni kitambaa, kimulike kwa mshazari: makunyanzi, nyufa, vitundu. Vuta mpini utazame tena, kwa sababu kuna mapazia mawili na sasa unaliona lile la kwanza. Kisha elekeza kamera ukutani penye mwanga, chungulia kwa nyuma, na ufyatue kila kasi kutoka ya chini kwenda juu. Kwenye sekunde moja hesabu. Shata iliyochoka hukawia, au hukwama nusu njia na mlio unaofifia kama saa inayokata kamba.

Kwa kasi za juu sikio na jicho havitoshi. Toa simu, weka video ya mwendo wa polepole, rekodi mgongo uliofunguliwa unapofyatua 1/250, 1/500 na kuendelea. Hutapata kipimo kamili, lakini utaona jambo muhimu zaidi: je, mwanga unafika ukingo hadi ukingo? Upande mmoja ukibaki giza, kila picha ya mchana itatoka na ubavu mweusi. Ugonjwa huu naukuta sana kwenye Zenit zilizolala.

Hatua ya 5: Kipima mwanga na betri

Fungua chumba cha betri. Ungaunga wa kijani au mweupe maana yake betri iliachwa ikavuja. Kidogo hufutika kwa pamba yenye siki. Kingi kinakuwa kimeshapanda kwenye nyaya. Weka betri zako, elekeza kamera dirishani kisha kwenye kivuli, uone sindano inatembea. Linganisha na programu ya kupima mwanga kwenye simu.

Kamera nyingine za miaka ya 1960, Minolta SR-T 101 kwa mfano, zilitumia betri ya zebaki ya volti 1.35 isiyotengenezwa tena. Ya volti 1.5 inaingia lakini kipimo kinakosea. Mafundi huweka betri za vifaa vya kusikia, zenye volti 1.4.

Kipima mwanga kikifa, shusha bei, usiikimbie kamera. Jua kali la mchana: tundu f/16, kasi iwe ile iliyo karibu na namba ya mkanda (ISO). Mkanda wa 200 ni 1/250, wa 400 ni 1/500. Uso ukiwa chini ya mwembe fungua tundu hatua tatu hadi f/5.6, ufuate mwanga wa uso, anga liache lijitegemee. Mkanda wa rangi unasamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Hatua ya 6: Sponji na mwendo wa mkanda

Gusa sponji nyeusi ya pembeni mwa mgongo. Ikinata kama lami, mwanga utapenya. Si sababu ya kuacha kamera. Uzi mweusi wa sufu uliobandikwa kwenye mfereji unafanya kazi ile ile. Uchafu unaouona kwenye tundu la kuchungulia haufiki kwenye picha, na kile kioo cha ndani usikifute, rangi yake ya fedha iko juu kabisa.

Mwisho ingiza ule mkanda wako ulioungua, funga, vuta. Kishikio cha kurudishia upande wa kushoto lazima kizunguke kila unapovuta. Kisipozunguka, mkanda haukushika.

Hatua ya 7: Mkanda wa majaribio

Patana bei na pia muda: wiki mbili za kurudisha. Wenye kamera nzima hukubali. Piga picha 24, ukiandika kwenye karatasi namba, kasi na tundu. Pitia kasi zote, piga ukuta mtupu mara mbili tatu, piga na uso wa mtu. Ukimaliza bonyeza kitufe cha chini, rudisha mkanda taratibu mpaka uusikie umejiachia, ndipo ufungue.

Omba negativu (mkanda wenyewe uliosafishwa), usitosheke na picha za simu. Zimulike dirishani. Nafasi kati ya picha zilingane. Zikipandana mtambo wa kuvutia umechoka. Michirizi myeusi inayovuka ukingo ni mwanga uliopenya, rudi kwenye sponji. Ukuta uliotoka nusu mweusi nusu mweupe ni shata.

Negativu hizo ziweke bahasha moja na karatasi yako ya namba. Siku utakapompelekea fundi kamera, atakuomba hizo kabla hajashika bisibisi.