Kuondoa ukoko kwenye jiko la gesi bila kuliharibu

Maziwa yakifoka, au mchuzi wa nazi ukamwagika moto ukiwa bado unawaka, kinachobaki si uchafu wa kawaida. Sukari na maziwa huungua vikawa kaa. Mafuta yanayoruka kutoka kwenye kikaango hupata joto kila siku mpaka yakaganda kama vanishi. Sabuni ya vyombo peke yake haiingii humo. Kinachouachisha ukoko huo ni kitu chenye asili ya magadi, pamoja na muda. Kusugua kunakuja mwisho, na ukijiona unatoka jasho, ujue hukuloweka vya kutosha.

Funga gesi kwenye mtungi, si kwenye swichi ya jiko tu, kisha liache jiko lipoe kabisa. Toa vyuma vinavyobeba sufuria, kofia za vichomeo na visahani vya chini yake. Piga picha kwa simu kwanza, maana kofia za jiko la pleti mbili hufanana, lakini ya kulia huenda isikae sawasawa kushoto.

Kabla ya kuloweka, jua chuma ulichoshika. Sumaku ikinasa, ni chuma cha kawaida, mara nyingi kilichopakwa enameli nyeusi. Isiponasa, na kitu ni chepesi na cheupe-kijivu, ni alumini; kikiwa kizito na cha manjano, ni shaba.

Vyuma vya enameli ndivyo vinavyovumilia zaidi. Weka kwenye beseni lita 3 za maji ya moto, vijiko vikubwa 4 vya bekingi soda na kijiko 1 cha sabuni ya maji. Saa 2 zinatosha. Ukoko wa miezi ulaze usiku kucha. Soma kopo vizuri, kwa sababu bekingi pauda ina asidi na wanga ndani yake, hivyo hapa utakuwa unaitupa bure. Magadi ya kupikia maharage yana nguvu kuliko bekingi soda: weka vijiko 2 tu, na uvae glavu. Enameli ikiwa imebanduka, usizidishe saa 1, na ukikitoa chuma kikaushe papo hapo, la sivyo kutu itaanzia pale palipobanduka.

Alumini usiitie kwenye beseni hilo. Magadi huila na kuiacha nyeusi, na weusi huo watu huudhani ni ukoko, wakazidi kuiloweka. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, uisugue kwa dodoki. Palipobaki doa, pitisha kipande cha ndimu na suuza baada ya dakika 1 au 2. Shaba huloweka nusu saa kwenye maji ya bekingi soda, kisha ndimu na chumvi huirudishia mng'ao.

Siki na bekingi soda usivichanganye. Povu linafurahisha macho, lakini kila kimoja kinaua nguvu ya mwenzake, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvi. Ukitaka vyote viwili, tumia kimoja, suuza, ndipo ulete kingine. Siki na jiki ni hatari kabisa: vikikutana hutoa gesi ya klorini.

Matundu ya kofia yazibue kwa pini au uzi wa shaba, moja baada ya jingine. Njiti ya meno hukatikia ndani. Ile nozeli ndogo inayotoa gesi chini ya kichomeo usiichokonoe kwa sindano. Tundu lake halifiki hata milimita 1, na ukilipanua, moto utakuwa wa njano na sufuria zitajaa masizi.

Bati la juu la stenilesi lipake uji mzito wa bekingi soda vijiko 3 kwa maji kijiko 1, uache dakika 30, kisha kwangua kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Stilwaya huliachia mikwaruzo na vipande vidogo vinavyoshika kutu, halafu lawama inaliendea bati. Jiko la kioo hukwanguliwa kwa wembe uliolazwa karibu kabisa na kioo, juu ya maji ya sabuni. Lisimwagiwe maji baridi likiwa la moto, litapasuka.

Kung'uta kofia, zianike matundu yakitazama chini, na usirudishe kitu chenye maji. Ukiwasha, moto wa rangi ya machungwa kwa dakika chache za mwanzo ni mabaki ya bekingi soda tu. Ukiendelea kuwa wa njano, kofia imekaa upande au bado ina maji. Ukikosekana sehemu moja, tundu la hapo limeziba. Na kama ulilisogeza jiko, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi. Yakitokea mapovu yanayokua, funga mtungi na ukaze kibano kabla ya kuwasha tena.