Jinsi ya Kupima Helikopta ya Simuleta Kabla ya Kuilipia

Anayetafuta helikopta ya nyongeza, yaani inayouzwa kando, kwa simuleta yake ya nyumbani (programu ya kompyuta inayoiga urubani) huvutiwa kwanza na picha: rangi inayong'aa, vioo vinavyoakisi jua, saa za vipimo zinazosomeka vizuri. Ninamsihi aanze kwingine, kwa namna helikopta hiyo inavyoitii hewa. Sisi wa Nairobi tunao mahali pazuri mno pa kupimia, kwa kuwa Uwanja wa Ndege wa Wilson uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na kila kosa la mtengenezaji hujionyesha upesi.

Kwanza fungua mipangilio na uzime misaada yote ya urubani, maana ikibaki imewashwa, unachokipima ni kompyuta wala si helikopta. Kisha shughulikia vifaa vya mkononi. Wenzo wa kunyanyulia, ule ulio upande wa kushoto wa kiti, lazima ubaki palepale unapouachia. Jostiki yenye springi haifai kwa kazi hiyo. Wenzo wa kawaida wa mafuta unatosha, mradi uugeuze katika mipangilio ili kuuvuta kuongeze nguvu na kuusukuma kupunguze. Mimi nilitengeneza wangu kwa bomba la plastiki la maji, nikaubana kwa nati na pete za mpira hadi ukawa mzito kiasi cha kutoshuka wenyewe, na kwa mara ya kwanza niliweza kuning'inia hewani nusu dakika bila kuyumba.

Kipimo cha kwanza ni cha pedali. Mapanga ya helikopta ya Bell 407, ukiyatazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha saa. Kwa hiyo ukivuta wenzo pua hukimbilia kulia, nawe huizuia kwa pedali ya kushoto. Helikopta za Kifaransa kama H125 na Cabri G2 huzunguka upande wa pili, hivyo pua huenda kushoto na mguu wa kulia ndio unaofanya kazi. H125 ya nyongeza inayogeukia kulia ukiongeza nguvu haistahili shilingi yako, hata chumba chake cha rubani kiwe kizuri namna gani.

Cha pili ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Jaza abiria na mafuta hadi ukaribie uzito wa juu unaoruhusiwa, weka joto la nyuzi 26 za Selsiasi, kisha nyanyuka futi chache kutoka ardhini katika uwanja wa Mombasa, ambao hauko mbali na usawa wa bahari, na uandike kipimo cha nguvu ya injini kinavyosoma. Rudia Wilson kwa uzito uleule na joto lilelile. Kwa joto hilo hewa ya Wilson huwa kama ya futi 8,000 hivi, kwa hiyo helikopta inapaswa kulalamika: nguvu inayobaki ipungue sana, pedali isogee zaidi, na kupanda wima kuwe kugumu au kusiwezekane kabisa. Ikiwa namba mbili ulizoandika zinafanana, mtengenezaji hakuihesabu hewa.

Ukitoka hapo, songa mbele taratibu. Kati ya noti (kipimo cha kasi cha marubani) 15 na 24 hivi, mapanga huanza kuingia katika hewa safi ambayo hayajaivuruga yenyewe. Utahisi mtikisiko, pua itainuka, na helikopta itapanda bila kuongezewa nguvu. Nyongeza dhaifu hupita hapo kimya. Kisha elekea Ngong na ujaribu kushuka karibu wima juu ya mgongo wa vilima, kwa kasi ndogo, ukizidi futi 500 kwa dakika huku injini ikivuta. Helikopta ya kweli inaweza kuzama katika hewa yake yenyewe, na kuvuta wenzo zaidi huizidishia kuanguka. Hutoka kwa kusukumwa mbele au pembeni.

Mwisho, zima injini ukiwa juu. Katika helikopta nyepesi kama R22 una sekunde moja au mbili tu za kushusha wenzo kabla mapanga hayajapoteza mzunguko, ilhali UH-1H, yenye mapanga mazito, hukusamehe kidogo. Nyongeza mbili za aina hizi zikikupa muda sawa, mojawapo ina kasoro.

Vipimo hivi vyaweza kufanywa bila kupoteza pesa. Simuleta ya DCS World hutoa siku 14 za majaribio ya bure kwa helikopta zake nyingi, na simuleta ya X-Plane 12, ambayo hukokotoa hewa kwa kila sehemu ya panga, ina R22 ndani yake tayari. Kwa bidhaa zilizonunuliwa Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ombi la kurudishiwa hukubaliwa ndani ya siku 14 iwapo hujazidisha saa mbili za matumizi, kwa hiyo anza na Wilson na uache picha za machweo hadi siku nyingine.