Ukienda kwenye volkano na chemchemi za maji moto, anza kuangalia unapokanyaga

Watu wengi wakifika kwenye chemchemi macho yote kwa maji, mi nakwambia angalia chini kwanza. Madini yanayotoka na yale maji yanaganda pembeni yanafanya gamba jeupe, kwa juu unaliona gumu kabisa kumbe ni jembamba na chini yake maji yanachemka. Juni 2016 huko Norris, ndani ya hifadhi ya Yellowstone Marekani, kijana alitoka nje ya njia ya mbao akateleza akaangukia kwenye dimbwi, hata mwili haukupatikana. Kwa hiyo njia ya mbao usiiache hata kwa picha moja, watoto washike mkono, na kama njia hakuna basi mfuate mwenyeji anayepajua na uwe mbali na sehemu nyeupe, matope yanayotokota na popote mvuke unapotoka ardhini.

Rangi nayo isikudanganye. Pale Grand Prismatic, chemchemi kubwa humohumo Yellowstone, katikati pana bluu safi sana na ndo pa moto zaidi, ile njano na chungwa ya pembeni ni vijidudu vinavyoishi maji yalipopoa kidogo.

Halafu gesi, hapa naomba uwe makini kweli. Harufu ya mayai viza ni haidrojeni salfaidi, ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, so harufu ikikata ghafla usishangilie, ondoka. Kaboni daioksaidi ndo mbaya zaidi maana haina harufu, ni nzito kuliko hewa na inajaa mabondeni, mwaka 1986 ilitoka Ziwa Nyos kule Kameruni ikaua watu kama 1,700 usiku. Usipige hema kwenye shimo wala bonde.

Kuoga, oga panaporuhusiwa tu na kichwa usizamishe, kuna amiba anaingia kwa puani, ni nadra ila akikupata kupona ni shida. Vito vya fedha vua, vitakuwa vyeusi.

Kwenye lava iliyopoa vaa buti za soli nene, suruali ndefu na glovu, ukianguka inakata kama chupa, na maji ya kunywa beba mengi maana kivuli hakuna.

Na kabla hujatoka angalia kiwango cha tahadhari cha hiyo volkano. Kwa volkano ya Whakaari, New Zealand, kilipandishwa Novemba 2019, ziara zikaendelea, tarehe 9 Desemba ikalipuka na watu 22 wakafa. Kikipanda we ghairi tu, hata kama ushalipia.